Pingili mbili za kidole cha mtoto

Alizeti ya Dodoma na Singida ina vipimo vyake vya shambani: sentimita 75 kati ya mstari na mstari, 30 kati ya shimo na shimo. Uani kwa watu, wakulima wenyewe wakiwa na miaka minne au mitano, rula haifai kitu. Katika bustani ninayoichambua hapa, mama mwenye nyumba aliwapimia watoto kwa miili yao. Shimo lilitobolewa kwa kidole, pingili mbili, kama sentimita tatu hivi. Nafasi ikapimwa kwa nyayo mbili za mtoto, kisigino kikigusa vidole. Mtoto asipopewa kipimo huifukia mbegu kana kwamba anaificha, na chipukizi huishiwa nguvu kabla ya kuliona jua.

Mbegu zilikuwa Record, aina ya zamani, wala si zile zilizopakwa dawa ya rangi. Hapo sina mjadala, maana watoto wa umri huo kila kitu hupeleka mdomoni. Zilipandwa moja kwa moja ardhini mvua za Desemba ziliposhika. Alizeti hushusha mzizi mkuu mapema, na mche ukihamishwa hudumaa. Kuku walizuiwa kwa matenga makuukuu.

Kasheshe ilikuja wakati wa kupunguza miche. Kila shimo lilipewa mbegu tatu, na unaotakiwa ni mche mmoja. Kila mtoto aliambiwa achague wa kubaki, kisha mingine ikakatwa kwa mkasi usawa wa udongo, kwa kuwa kung'oa hutikisa mizizi ya ule uliochaguliwa. Vilio vilikuwepo, lakini vifupi.

Uamuzi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ulifanyika kabla jembe halijashikwa: mstari uliwekwa kando ya ukuta wa magharibi. Mmea mchanga hulifuata jua mchana kutwa, na usiku hurudi kuelekea mashariki, kwa sababu mchana shina hurefuka zaidi upande wa mashariki na usiku upande wa magharibi. Ua likishafunguka hutulia likitazama mashariki, hupata joto mapema asubuhi, na nyuki hulipenda. Aliyepanda kwenye uzio wa mashariki, akikaa barazani ataona visogo tu.

Maua madogo ndani ya kichwa hufunguka kuanzia ukingoni kuelekea katikati, duara baada ya duara, siku hadi siku, na mtoto anaweza kuonyesha kwa kijiti yamefika wapi. Nyuki walipomaliza kazi, na si kabla, vichwa vilifunikwa kwa vipande vya chandarua kuukuu kuzuia ndege. Kisogo kilipogeuka manjano na kuanza kuwa kahawia, vikakatwa, vikaanikwa, vikapurwa kwa fimbo. Za Record zinaweza kuwekwa kwa msimu ujao. Zingekuwa chotara, ningeshauri wapewe kuku.