Kioo cha Nyuma

Fundi wa tinti hapimwi kwa vioo vya milango. Vile humtii hata mwanagenzi. Apimwe kwa Porsche 944, gari lililotengenezwa 1982 hadi 1991, ambalo kioo chake cha nyuma kimevimba mithili ya bakuli lililofunikwa. Karatasi ya tinti ni bapa, nayo ikilazwa hapo hujikunja. Fundi mvivu huikata vipande, maungio akayaficha kwenye nyaya za kuondolea ukungu. Hodari huitandaza kwanza upande wa nje, akaipuliza hewa ya moto mpaka mikunjo inywee, ndipo aibandike ndani kwa maji ya sabuni. Huyo wa vipande husema hakuna atakayeona. Labda mpita njia. Dereva, usiku, taa za gari la nyuma humchorea kila ungio.