Cherehani za Gulu

Anayeanza kujifunza kushona hapewi kitambaa. Hupewa karatasi iliyopigwa mistari na sindano isiyo na uzi, akaambiwa akanyage. Cherehani ya miguu ni kaidi: usipolianzisha gurudumu kwa mkono huenda likazunguka kinyume, na siku uzi utakapokuwapo utajisokota au kukatika. Basi mwanafunzi hutoboa karatasi, mistari iliyonyooka kwanza, kona baadaye, duara mwisho, mpaka miguu izoee. Mwalimu hana haja ya kugomba. Matundu yenyewe yanaonyesha mkono ulipoteleza.

Naipenda hatua hii kwa kuwa haimuulizi mtu aliishia darasa la ngapi. Sista Rosemary Nyirumbe, wa Masista wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, alipokabidhiwa kituo cha ushonaji cha St. Monica mjini Gulu mwaka 2001, swali hilo lilikuwa zito kaskazini mwa Uganda. Waasi wa LRA, jeshi la Joseph Kony, walikuwa wamewateka watoto kwa maelfu. Huko Aboke, Oktoba 1996, waliwachukua wasichana 139 wa shule moja ya kimisheni kwa usiku mmoja. Sista Rachele Fassera wa shule hiyo aliwafuata porini na kurudi na 109. Wengi waliotekwa katika vita vile hawakuwa na mtu wa kuwafuata. Walioponyoka baada ya miaka walirudi na watoto waliozaa na makamanda, na mara nyingi jamaa zao wenyewe waliwatazama kwa jicho la shaka.

St. Monica iliwapokea na watoto wao. Sista Rosemary ni mkunga kwa taaluma, na labda ndiyo sababu hakuona ajabu kuwa na vichanga mahali pa masomo. Mama akipima kiuno na kuchora patani, mtoto anatunzwa palepale. Sala zipo, kama inavyotarajiwa kwa masista, lakini sala haijapunguza hata inchi moja kwenye futi: shingo ya gauni ikikatwa pana imekatwa pana, na kitambaa kimeharibika.

Kazi inayonishangaza zaidi ni mikoba yao ya vifungulio vya makopo ya soda, vile vya alumini tunavyovitupa tukishakata kiu. Kila kifungulio kina matundu mawili. Vinaoshwa, vinachaguliwa, kisha vinafumwa kwa uzi na sindano ya kroshia, kimoja kikilalia nusu ya mwenzake kama magamba ya samaki. Kazi hii haitaki haraka. Uzi ukilegea, safu inacheza na tumbo la mkoba linaning'inia. Ukikazwa mno, safu inajikunja. Kifungulio kimoja kikigeuzwa upande usio wake, mng'ao unakatika na jicho linakimbilia hapohapo. Mkoba mmoja unameza vifungulio kwa mamia. Kosa likionekana baada ya safu kadhaa, dawa ni moja tu: kufumua, kurudi mpaka lilipoanzia, na kufuma upya kwa uzi uleule.

Anayedhani kufundisha ushonaji hivi ni mbinu iliyozuka jana, amtazame Maria Mazzarello wa Mornese, Italia. Alikuwa hodari wa mashamba ya mizabibu mpaka homa ya matumbo ilipomlaza mwaka 1860 na kumwachia mwili usioweza tena jembe. Akajifunza kushona kwa fundi wa kijijini, yeye na rafiki yake Petronilla, wakafungua chumba cha kuwafundishia wasichana ushonaji na dini pamoja. Mwaka 1872, akiwa na padre Don Bosco, alianzisha shirika la masista ambalo leo lina shule na vyuo katika nchi nyingi. Lilianzia kwenye sindano ya mgonjwa.

Sista Rosemary amepewa heshima nyingi: CNN walimtaja miongoni mwa mashujaa wao mwaka 2007, na jarida la Time likamweka kati ya watu 100 wenye ushawishi mwaka 2014. Anastahili. Lakini habari za namna hii zina kasoro moja: zinamfanya mnunuzi anunue huruma. Mkoba ukinunuliwa kwa huruma, hununuliwa mara moja tu. Fundi anahitaji mteja anayerudi, mzazi anayeleta kitambaa cha sare ya shule kila mwaka na kununa mshono ukifumuka.

Kwa hiyo ukikutana na mkoba wa Gulu, usahau kidogo masimulizi ya vita. Ugeuze ndani nje. Tazama bitana kama imelala bila mikunjo, vuta zipu mpaka mwisho uone kama inakwama kwenye kona, pitisha kidole kwenye ukingo wa mdomo wake utafute kifungulio kinachokwaruza. Usipokipata, uliza bei, na usiombe upunguziwe.