Namna ya Kumpima Mpangusa Vumbi wa Magari

Katika kazi zote zifanywazo juu ya gari, hakuna inayodharauliwa kama kupangusa vumbi kati ya mwosho mmoja na mwingine, wala mimi sijui nyingine iondoayo uzuri wa magari kwa siri kama hiyo; kwani fundi wa injini akikosea, gari husimama na kosa lake likajulikana siku ile ile, ilhali mpangusaji akikosea, gari huondoka linang'aa, mwenyewe akashukuru na kutoa bakshishi, na madhara yakakaa yamejificha hata lije jua la alasiri liyafichue. Ndiyo maana nimeona yafaa kuandika juu ya namna ya kumpima mtu wa kazi hii, nikitumia niliyoyaona Mombasa kwa miaka mingi, kwenye vituo vya teksi na katika foleni ya kivuko cha Likoni, mahali ambapo gari husimama kwa muda wa kutosha kijana mwenye kitambaa kulitia mkono kabla hujamkubalia wala kumkatalia.

Yatupasa kwanza tujue anachokigusa. Rangi ya gari la siku hizi si tabaka moja. Juu ya bati pana dawa ya kuzuia kutu, kisha praima, kisha rangi yenyewe, na juu ya yote vanishi angavu isiyo na rangi, ambayo unene wake aghalabu ni maikroni 40 hadi 50, yaani ni nyembamba kuliko unywele wa mtu. Mng'aro wote tuupendao umo ndani ya utando huo. Magari ya zamani hayakuwa na vanishi hiyo, na mwenye kuyasugua kwa dawa ya kung'arishia aliiona rangi ya gari ikimtoka kitambaani, nyekundu au buluu, naye akapata onyo. Wa leo husugua vanishi angavu, na kitambaa hakimwambii lolote.

Pili, tujue vumbi ni kitu gani. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs aliyapanga madini kumi kwa ugumu wake, kuanzia talki iliyo laini kuliko yote hadi almasi isiyokwaruzwa na mwenziwe yeyote, na katika mizani hiyo kwatzi, ambayo ndiyo punje nyingi za mchanga, imeshika nafasi ya 7, juu ya kioo cha dirisha na juu ya chuma cha kisu cha jikoni. Mombasa twapata vumbi la namna mbili. Liko jeupe, la mawe ya matumbawe, ambalo ni chokaa na ugumu wake ni kama 3, japokuwa halikosi punje za mchanga ndani yake. Na liko jekundu, liletwalo na magari yatokayo bara kwa njia ya Voi, ambalo limejaa kwatzi iliyomomonyoka kutoka miamba ya kale ya nchi ile. Mpangusaji mwenye maarifa hulitazama gari kwanza, akajua kwa rangi ya vumbi limetoka wapi, na mkono wake hubadilika kabla haujafika kwenye boneti. Hiyo ni dalili ya kwanza ya ustadi, na wengi hawanayo.

Tukija kwenye zana, hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu wao hutafuta ulaini. Nimewaona wenye magari ya thamani wakiwakabidhi vijana kanga kuukuu iliyofuliwa miaka kumi, wakidhani kuwa nguo isiyomuumiza mtoto mchanga haiwezi kuudhuru utando wa gari. Nami nasema kwamba kanga ile, kwa ulaini wake wote, ni nguo bapa, na punje ya mchanga ikiingia chini yake haina pa kwenda, bali hubanwa baina ya nguo na vanishi na kuburutwa kutoka mwanzo wa mkono hadi mwisho wake. Sifa ya kutafuta si ulaini, ni kina. Zana njema ni ile yenye nyuzi ndefu au manyoya yaliyosimama, ili punje iinuke na kuzama humo, ikauache utando ule.

Kwa kipimo hicho, ufagio wa manyoya ya kuku haufai, kwani nyuzi za unyoya wa kuku zimeshikana kwa vikulabu vidogo hata zikawa kama ubao, na kijiti chake cha katikati kikivunjika huwa msumari. Manyoya ya mbuni hayana vikulabu hivyo, kila uzi huning'inia peke yake na kucheza na upepo, na kwa ajili hiyo yamependwa tangu zamani kwa kupangusia vitu vya thamani. Bora zaidi kwa gari, kwa maoni yangu, ni ule ufagio wa nyuzi nene za pamba zilizonyweshwa nta ya parafini, ambao hulishika vumbi kwa kunata kidogo bila ya kuhitaji kukandamizwa. Lakini mtazame mpangusaji jinsi anavyoutunza. Aliye hodari, akiununua mpya, huulaza juu ya magazeti kutwa kucha ili nta ya ziada ifyonzwe, la sivyo huacha michirizi ya mafuta. Haugusishi kwenye vioo abadan. Haufui kwa sabuni kila wiki, kwani nta ndiyo roho yake. Naye huukung'uta kwa nguvu, mbali na gari na upande upepo uendako, kila amalizapo sehemu moja. Ukimwona anaukung'uta mara moja tu kwa gari zima, usisubiri kuona zaidi.

Kuhusu vitambaa vya mikrofaiba, ambavyo sasa vimejaa madukani, viko vya kweli na viko vya jina tu. Kile cha kweli kimefumwa kwa nyuzi za poliesta na poliamaidi zilizopasuliwa hata zikawa nyembamba kuliko hariri, na ukikipitisha juu ya kiganja kikavu hunasa kwenye vigaga vya ngozi kama kilicho na makucha madogo. Kile cha uongo huteleza. Kinachofaa hukunjwa mara mbili, kikapata nyuso nane, na kila uso ukishafanya kazi hufichwa ndani, usirudi tena juu ya rangi mpaka kifuliwe. Hufuliwa peke yake, mbali na nguo za pamba, bila ya ile dawa ya kulainishia nguo, ambayo huziba nyuzi na kukirudisha katika hali ya kanga. Na kikidondoka chini hakiokotwi kwa ajili ya gari. Kimekwisha kuwa kitambaa cha magurudumu. Kukipitisha kikavu juu ya vumbi, hata kiwe bora namna gani, mimi siafiki. Kwanza gari hupuliziwa maji yenye utelezi, yakaachwa kidogo yaikumbatie punje, ndipo kitambaa kikapita mara moja bila ya kurudi.

Sasa twende kwenye mkono, ambao ndio mizani yenyewe. Mpangusaji mwema hauongezei ufagio uzito wake. Huushika kwa vidole, kama mtu aliyeshika kifuniko cha chungu cha moto, na uzito unaogusa gari ni wa zana peke yake. Huanza paani, akashuka kwenye boneti na buti, kisha ubavuni, na daima huenda kwa mistari iliyonyooka, kufuata njia ambayo upepo hupita gari likiwa mwendoni. Yule azungushaye mkono duara, kama anayesugua sinia, ndiye wa kuogopwa. Kisha utazame mwisho wa mkono wake, pale ufagio unapoinuka: ukiona mstari wa vumbi umejikusanya kama tuta dogo, basi vumbi lilisukumwa, pakiwa pasafi, liliinuliwa. Alama hii huonekana hata kwa aliye mbali, nami sijaona iliyo aminifu kuliko hiyo. Na ikiwa ni mapema asubuhi, mji haujaamka sawasawa, tega sikio pia. Kupangusa kwema hakuna sauti, lakini kubaya hutoa mlio mwembamba kama wa mchele upetwao uteoni, na kila uusikiapo mlio huo, ujue kuna kitu kinachoandikwa juu ya gari yako.

Dalili nyingine humpendeza ajuaye na kumkasirisha asiyejua: mpangusaji hodari haishii chini. Akifika chini ya mkanda wa milango, huacha. Sehemu ile hurushiwa na magurudumu matone ya lami, mchanga wenye matope, na unga wa chuma utokao breki, na vitu hivi havipanguswi. Hali kadhalika vinyesi vya kunguru, ambao Mombasa hatuna uhaba nao, na utomvu wa miembe, na vumbi lililolowa umande wa usiku kisha likakauka likawa udongo, hususan penye chumvi ya bahari, ambayo huvuta unyevu na kuligandisha vumbi kwenye vanishi. Kinyesi huwekewa kitambaa chenye maji, kikasubiriwa dakika chache kilainike, kisha kikainuliwa, hakisuguliwi. Yaliyobaki yote ni kazi ya maji mengi na sabuni. Siku moja pale Likoni nilirudi kutoka safari ya bara, gari imekuwa nyekundu hadi kwenye vioo, na kijana mwenye ufagio wa nta akaja, akaizunguka mara moja, mkono mgongoni, akaniambia, "Mzee, hii haipanguswi, hii yataka maji," akaenda zake kwenye gari la nyuma yangu. Nilimwita nikampa ujira wake kamili, na tangu siku hiyo, kila nivukapo, humtafuta yeye.

Anayetaka kukagua kazi iliyokwisha kufanywa asiikague adhuhuri, wala chini ya kivuli, kwani wakati huo kila gari ni zuri. Bali angoje jua liinamie magharibi, au achukue tochi kali usiku, akasimame penye rangi nyeusi au buluu iliyokolea; hapo ataona, pembezoni mwa taswira ya ule mwanga, duara nyembamba zilizopangana kama utando wa buibui. Mikwaruzo hiyo huenda imekwenda ovyo, kila mmoja na njia yake, lakini ni ile tu iliyoupa mwanga ubavu ndiyo inayometa, na kwa hiyo jicho huona mviringo. Aangalie hasa katikati ya boneti, ambapo mkono mvivu hupita mara nyingi, na kifuniko cha buti, na eneo lililo chini ya vitasa vya milango. Kama mikwaruzo yote yaelekea upande mmoja, mbele kwenda nyuma, gari limeangukia mkono wenye utaratibu.

Wala asiruhusu mtu kupima wingi wa vumbi kwa kupitisha kidole, hata mara moja. Gari yangu ya kwanza nyeusi iliandikwa na mtoto wa jirani, herufi nne za jina lake, juu ya vumbi la kaskazi lililokaa siku tatu kwenye buti. Nilicheka, nikaenda nikaiosha, na herufi zikaondoka pamoja na vumbi. Jioni yake niliegesha mbele ya nyumba, jua likiwa limeshuka usawa wa paa la msikiti, nikazisoma zote nne, bayana kama zilivyoandikwa.