Je, Mashauri ya Shujaa wa Misuli Yaweza Kugeuza Maisha?

Jioni moja kijana wa mtaa wetu alinijia, simu mkononi, uso umemshuka. Nikamwuliza, “Una nini, mwanangu?” Akajibu, “Mwalimu, nimetambua kwamba mimi ni mvivu.”

Nilishangaa. Kijana huyo huamka kabla ya mapambazuko. Huteka maji ya nyumba nzima, kisha husukuma baisikeli yenye magunia mawili ya makala mpaka sokoni. Jioni humwosha baba yake asiyeweza tena kusimama. Nikataka kujua ni nani aliyemtia neno hilo moyoni. Akanionyesha katika simu mtu mwenye kifua kipana kama mlango, akieleza kwamba siku ina saa 24; mtu akilala saa 6, zimebaki 18; basi asiseme kwamba hana nafasi ya kujiendeleza.

Mtu huyo ni Arnold Schwarzenegger, ambaye wengi wetu twamjua kwa filamu zake. Mwaka 2023 alitoa kitabu cha Kiingereza kiitwacho Be Useful, maana yake Uwe wa Mafaa, chenye kanuni saba za maisha. Kwa ajili ya kijana yule nilikitafuta, nikakisoma chote. Wasomaji wapenzi, leo nataka kuwaambia kilicho chema ndani yake na kilicho pungufu. Maana swali hili ni la vijana wengi: je, mtu aliyefaulu kuujenga mwili wake aweza kutufundisha kuyajenga maisha yetu?

Biashara ya tangu zamani

Kwanza tujue kwamba jambo hili si jipya. Huko Marekani alikuwako mtu aliyejiita Charles Atlas. Jina lake la kuzaliwa ni Angelo Siciliano, Mtaliano aliyezaliwa mwaka 1892 na kuhamia Amerika angali mtoto. Tangu miaka ya 1920 aliuza kwa posta masomo ya kukaza mwili, hata akafa mwaka 1972 akiwa mtu mashuhuri. Tangazo lake lilikuwa la picha za kuchora: kijana mwembamba yuko pwani na mchumba wake; linakuja jitu na kuwarushia mchanga; kijana anaona haya. Ananunua masomo, anapata nguvu, anarudi kumpiga yule jitu, na watu wote wanamsifu.

Itazameni vizuri picha ile. Kijana hakuahidiwa misuli tu; aliahidiwa heshima. Ndiyo siri ya biashara hii mpaka leo. Wauzaji wamebadilika, na simu imechukua mahali pa posta, lakini kijana mwenye haya ndiye mnunuzi yule yule.

Mwandishi mwenyewe

Haki ya kila mtu ni kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Schwarzenegger alizaliwa mwaka 1947 katika kijiji cha Thal, nchi ya Austria, miaka miwili tu baada ya vita. Nyumba yao haikuwa na bomba la maji. Baba yake alikuwa polisi, mtu mkali, na neno lile la kuwa wa mafaa ndilo alilomwambia mwanawe. Kitabu kimepata jina lake hapo.

Kijana Arnold aliona katika gazeti picha ya Reg Park, Mwingereza aliyekaa Johannesburg, ambaye alijenga mwili hata akapewa kucheza shujaa Hercules katika filamu. Akajisemea kwamba njia ya mtu huyu itakuwa yake. Mwaka 1967, akiwa na miaka 20, alishinda huko London akaitwa Mr. Universe. Mwaka 1968 akavuka kwenda Marekani. Huko alifanya kazi ya kujenga kuta za matofali pamoja na rafiki yake Franco Columbu, mtu wa kisiwa cha Sardinia, huku akizidi kuinua vyuma. Alipata taji la Mr. Olympia mara saba, akawa mcheza filamu, na tangu mwaka 2003 mpaka 2011 alikuwa gavana wa California. Hapana shaka, mtu wa namna hii ana haki ya kusema juu ya bidii.

Chuma hakisemi uongo

Kanuni zake nne za kwanza ni hizi: uwe na picha wazi ya unachokitaka, usiwaze mambo madogo, fanya kazi kwa nguvu zako zote, tena ujue kuuza unachokitengeneza, yaani kuwafanya watu wakijue. Zote nne zimetoka mahali pamoja: chumba cha mazoezi.

Na hapo ndipo kosa lilipojificha. Katika chumba kile jasho hulipwa bila hila. Kilo 50 ni kilo 50. Ukiziinua leo mara tano, ukila vizuri na kulala, kesho kutwa utaziinua mara sita. Chuma hakimjui mtoto wa tajiri wala mtoto wa maskini. Mtu aliyelelewa na sheria hiyo ya haki huja kudhani kwamba dunia yote yafuata sheria hiyo. Lakini mwulize mama mwenye shamba la mihogo. Amelima kwa nguvu zake zote, kisha ugonjwa ukashika majani. Au mvua ilikata barabara, mihogo ikaozea njiani. Je, tumwambie kwamba hakuwa na picha wazi ya anachokitaka?

Hata katika mwili wenyewe hesabu haijakamilika. Mifupa mipana ni zawadi ya wazazi. Tena Schwarzenegger amekiri tangu zamani kwamba wakati wa mashindano alitumia dawa za kukuza misuli. Kijana atazamaye kifua kile na kujilinganisha nacho yampasa kulikumbuka jambo hili, asije akajilaumu kwa kukosa kile ambacho jasho peke yake halitoi.

Penye uzito wa kweli

Lakini nisikikatae kitabu chote. Mwandishi haanzi kwa majivuno. Anaanza na mwaka 2011, alipotoka katika ugavana na nyumba yake ikavunjika kwa kosa lake mwenyewe, akatahayari mbele ya dunia yote. Ni vyema mtu kuanza na anguko lake.

Tena yako mambo ya mwaka 2018. Alizaliwa na kilema katika mlango wa moyo, na mwaka ule alipopasuliwa mambo yaliharibika, ikawalazimu waganga kumfungua kifua kwa haraka. Alipozinduka, yule aliyewahi kushinda ulimwengu mzima alianza upya kwa hatua chache, akiegemea fremu ya kutembelea katika korido ya hospitali. Hapo kanuni zake zanipendeza kuliko alipo jukwaani. Maana shauri la kutembea hatua kumi leo, na kumi na tano kesho, laweza kufuatwa na mgonjwa wa Bukavu sawa na mgonjwa wa Los Angeles.

Kanuni ya saba ndiyo iliyo bora: vunja vioo vyako. Aliipata kwa baba mkwe wake, Sargent Shriver, mkuu wa kwanza wa Peace Corps iliyoanzishwa mwaka 1961. Maana yake ni hii: mtu avunje kioo kinachomwonyesha uso wake tu, apate kuwaona jirani zake. Hapo mwandishi aungama kwamba hakujitengeneza mwenyewe. Alikuwako aliyemlipia nauli, aliyemfundisha, aliyemlaza nyumbani kwake. Wazee wetu wasema: usione vyaelea, vimeundwa.

Basi lawama yangu kubwa ni hii: kanuni iliyo bora imewekwa mwisho. Kitabu kinaitwa Uwe wa Mafaa, lakini msomaji husafiri sura baada ya sura akifundishwa kujifaa mwenyewe, ndipo aulizwe: wamfaa nani? Swali hilo lilistahili kuwa mlangoni. Anayelisikia kwanza ataziona kanuni nyingine kama vyombo vya kazi. Anayelisikia mwisho huenda amekwisha kuchoka, au amekwisha kujidharau.

Basi, yaweza au hayawezi?

Nijibu wazi. Shauri la mtu wa namna hii laweza kubadili jambo moja katika siku yako, kama ni dogo la kutosha kufanywa kesho asubuhi, na kama wako wenzio wa kulifanya pamoja nawe. Kuyageuza maisha yote haliwezi, maana maisha hayamo mikononi mwa mtu mmoja. Tena kusikiliza si kutenda. Kijana atazamaye video kumi za kumhimiza akimbie hajakimbia hata hatua moja.

Nilimwita yule kijana, nikamsomea sura ile ya mwisho, nikiifasiri. Kisha nikamwuliza, “Wewe, wamfaa nani?” Akanyamaza. Halafu akaanza kuhesabu kwa vidole: baba, wadogo zake wawili, bibi jirani ambaye humtekea maji. Vidole vya mkono mmoja vilimwishia, akaingia mkono wa pili, akacheka.

Sasa Jumatano na Jumamosi huinua vyuma pamoja na wenzake uani; ni bomba lililotiwa makopo mawili ya saruji. Makala bado ni mazito, na baba bado hasimami. Lakini hajiiti tena mvivu. Wazazi, mtoto wenu akija na simu na kusema neno kama lile, msimcheke wala msimnyang’anye simu. Mwulizeni kwanza ni watu wangapi aliowafaa tangu asubuhi, mkahesabu pamoja naye.