Pongezi kwa Matabibu wa Punda wa Lamu

Tangu mwaka 1987, kituo cha Donkey Sanctuary mjini Lamu kimekuwa kimbilio la punda wagonjwa, na kinastahili pongezi si kwa dawa zake tu, bali kwa kumtazama mnyama mzima, mwili na tabia. Farasi akiogopa hukimbia. Punda husimama akipima hatari, nasi tukamwita mkaidi. Maumivu nayo huyaficha. Anayesubiri achechemee ndipo amtibu huenda akachelewa, kwani punda akiacha kula kwa siku chache tu, mafuta ya mwili hufurika kwenye damu na yanaweza kumuua. Ndiyo maana tabibu hodari huanza na masikio yaliyolegea, kichwa kilichoinama na majani yasiyoguswa, kisha hukagua meno, kwato na ngozi iliyo chini ya shogi.

Wapo wanaouliza kwa nini mnyama ashughulikiwe hivi ilhali binadamu wanapanga foleni hospitalini. Swali hilo ni la haki. Lakini katika vichochoro visivyopitika kwa gari, mchanga na mawe ya ujenzi hubebwa na punda. Akiugua yeye, jiko la mwenye punda halifuki moshi. Wengine hushikilia kwamba shukrani ya punda ni mateke. Mara nyingi teke hilo ni jibu la kidonda kilichoguswa. Fimbo hukinyamazisha, matibabu hukiponya, na mnyama asiye na maumivu hufanya kazi kwa hiari. Matabibu hawa wanalinda riziki za watu pia.