Wavuta Hariri na Maji ya Moto

Kuvuta uzi wa hariri ni kazi ya maji ya moto. Kiwavi wa hariri hujifungia ndani ya kifuko cha uzi mmoja wenye urefu wa mamia ya mita, ulioshikamanishwa na gundi iitwayo serisini. Maji ya moto huilainisha gundi hiyo. Mvutaji huokota ncha za vifuko kadhaa, akaziunganisha na kuzizungusha kwenye gurudumu.

China iliihifadhi kazi hii kwa picha. Katika karne ya 12, Lou Shu alichora hatua za kilimo na ufumaji. Mwaka 1637 Song Yingxing aliiweka kazi ya kuvuta hariri katika kitabu chake cha ufundi, na mwaka 1696 Jiao Bingzhen alichora upya picha za Lou Shu kwa amri ya mfalme Kangxi.

Katika picha hizo, moto, chungu na gurudumu vinaonekana. Kinachohitaji kukumbukwa ni mikono. Maji yaleyale yanayoufungua uzi huibabua ngozi, na mvuke huunguza. Wavutaji, wengi wao wanawake, walistahimili hatari hiyo kila msimu. Sifa ya hariri ni sifa yao.