Picha Zile Zililipiwa na Nani?

Wote tunaikumbuka habari ya mwanamke wa Bethania, aliyevunja kibweta cha alabasta na kummiminia Yesu marhamu ya bei kubwa. Walikuwapo walionung'unika kwamba heri yangeuzwa wakapewa maskini, lakini Bwana akamtetea. Habari hiyo ilinijia nilipokuwa nikiangalia The Train, filamu ya John Frankenheimer ya mwaka 1964. Nayo inauliza kama kitu kizuri kinastahili gharama kubwa, ila gharama yenyewe ni damu.

Ni Agosti 1944, majeshi ya Marekani na Uingereza na wenzao yanakaribia Paris. Kanali von Waldheim wa jeshi la Ujerumani anajaza treni picha zilizoporwa, kazi za Renoir, Cézanne, Picasso na wengine, azipeleke kwao. Bibi Villard, mtunza makumbusho, anawaendea wafanyakazi wa reli wanaowapinga Wajerumani kwa siri. Anawasihi waichelewesha treni bila kuiharibu, kwa kuwa picha hizo ni fahari ya Ufaransa. Labiche, mkuu wao, anakataa. Watu wake wengi wameshakufa, na picha ni picha tu.

Anayeanza ni mzee Papa Boule, dereva wa treni. Kuhusu uchoraji hajui kitu, isipokuwa kwamba zamani alimfahamu msichana mmoja aliyekuwa akichorwa na Renoir. Anaiharibu injini kwa makusudi, anapigwa risasi. Baada yake Labiche hawezi tena kukaa pembeni.

Jambo lililonisumbua zaidi ni huyu Kanali. Wanazi waliidharau sanaa ya namna hii na kuiita iliyooza, lakini yeye anaipenda kwa moyo wote. Katika filamu nzima hakuna anayezielewa picha hizo kuliko yeye, na ndiye anayeua. Sisi tunaosema kwamba uzuri humlainisha mtu tungefanya vyema kumtazama huyu mara mbili.

Mwishoni mateka wa Kifaransa wanapandishwa juu ya injini ili treni isishambuliwe. Labiche anafanya awezavyo wasidhurike. Treni inaacha reli, nao wako hai. Kisha askari, kabla ya kukimbia, wanawamiminia risasi. Kamera inatuonyesha masanduku yaliyotawanyika, yameandikwa majina ya wachoraji, halafu maiti, halafu masanduku tena. Maiti hawana majina. Labiche anamuua Kanali na kwenda zake akichechemea, hakufungua hata sanduku moja.

Wapo wanaoona hapo hukumu juu ya sanaa. Mimi sikubali. Marhamu yalikuwa ya mwanamke yule mwenyewe, na Papa Boule alitoa uhai wake mwenyewe. Mateka hawakuulizwa. Kutoa sadaka ni jambo moja, kufanywa sadaka na mwingine ni jambo jingine kabisa, na filamu inaonyesha tofauti hiyo kwa ukali bila kuihubiri.

Inapokosea ni kwa Bibi Villard. Nyuma yake yupo mwanamke wa kweli, Rose Valland, ambaye kitabu chake cha mwaka 1961 ndicho kilichozaa filamu. Muda wote Paris ilipokuwa mikononi mwa Wajerumani alifanya kazi katika jumba la Jeu de Paume, nao hawakujua kuwa anaelewa lugha yao. Aliandika kwa siri kila kilichochukuliwa na kinakopelekwa. Angekamatwa angekufa. Treni ya kweli, yenye masanduku 148 ya picha, ilikwamishwa karibu na Paris kwa visingizio vya wafanyakazi wa reli na taratibu za makaratasi, pasipo mauaji yale. Filamu imemfanya mtu wa kuomba wengine wajihatarishe, kisha haonekani tena. Valland alianza na shingo yake.

Vijana wa usharika waiangalie, na wazee pia. Haina rangi na inakwenda polepole kidogo mwanzoni. Watoto wasiwepo, maana risasi ni nyingi.